Etteilla, muuza mbegu wa Paris aliyefundisha watu kusoma karata kichwa juu na kichwa chini

Kila fasi ambapo mtu analipa feza kusudi aangaliziwe bahati kwa karata za taroti, swali moja linarudi: karata imeanguka kichwa juu ao kichwa chini? Karata ileile, malkia yuleyule, inaweza kumwambia mtu kwamba mbele yake kuna mama mjane anayestahili heshima, ao kwamba kuna mwanamke mbaya wa kuogopwa. Watu wengi wanafikiri kwamba mambo hayo yametoka Misri ya zamani, kwa mapadri wa Farao. Hapana. Desturi hiyo iliingia katika vitabu kwa mkono wa mtu mmoja, mfanya biashara wa Paris, miaka zaidi ya 250 iliyopita. Hata jina lake alilijenga kwa kugeuza. Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto wa wafanya biashara

Jean-Baptiste Alliette alizaliwa Paris, mji mkubwa wa Ufaransa, tarehe 1 mwezi wa tatu 1738. Baba yake alikuwa fundi wa kuchoma nyama na kuziuza, kazi iliyokuwa na chama chake na sheria zake. Mama yake alikuwa anauza mbegu. Haikuwa familia ya watu wakubwa, lakini haikuwa familia ya maskini wa kuombaomba pia. Walikuwa watu wa duka: wanahesabu, wanapima, wanajua kusema na mteja.

Kijana Alliette alifuata njia ya mama. Aliuza mbegu. Kunako mwaka wa 1763 alioa, lakini ndoa hiyo haikudumu hata miaka kumi. Kisha miaka kama mitano bibi na bwana waliachana. Baadaye akaingia katika biashara ingine, ile ya kuuza picha zilizochapwa kwenye karatasi, picha ambazo watu wa Paris walikuwa wananunua na kutundika ukutani.

Hapa kuna kosa moja ambalo vitabu vingi vilirudia. Katika karne ya 19, mwandishi Éliphas Lévi, mtu aliyejulikana sana katika mambo ya uchawi wa kizungu, aliandika juu yake sawa vile alikuwa kinyozi. Watu wakalibeba neno hilo, likatembea zaidi ya miaka mia. Wanahistoria walipofungua karatasi za zamani, walikuta mbegu na picha, siyo mkasi wala wembe. Labda Lévi alitaka kumchekesha msomaji, kumuonyesha mtu wa kazi ndogo aliyejifanya mwalimu wa siri kubwa. Lakini hata bila kinyozi, jambo lenyewe ni kweli: huyu mtu hakutoka katika shule kubwa. Alitoka dukani.

Karata zilikuwa za kucheza tu

Kusudi tuelewe alichokifanya, ni lazima tujue karata zilikuwa nini zamani zile.

Karata za taroti zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15. Ni karata 78. Kati yao 22 ni picha kubwa: mwezi, jua, mnara, kifo, gurudumu la bahati na zingine. Zinazobaki ni 56, zilizogawanywa katika makundi manne: fimbo, vikombe, panga na sarafu. Kila kundi lina karata kumi za hesabu, na karata nne za nyumba ya kifalme: mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana wa kazi. Nne mara nne, ndiyo watu 16. Zilitengenezwa kwa ajili ya mchezo, na kwa miaka mingi watu wa Italia, Uswisi, Ujerumani na sehemu zingine walikaa mezani wakazicheza sawasawa na vile watu wanacheza karata leo, kutafuta nani atashinda.

Paris, wakati wa Alliette, mchezo wa taroti haukujulikana sana. Watu wa mji walikuwa wanacheza piketi, mchezo wa karata 32. Ni hizo karata 32 ambazo wafumu wa mji walizoea kutandika mbele ya mteja. Mwenyewe Alliette aliandika kwamba katika miaka ya 1750 kulikuwa tayari wazee Paris waliofanya kazi hiyo. Kwa hiyo siyo yeye aliyeleta ramli ya karata. Kitu alicholeta ni kitabu, yaani orodha, kanuni na njia ya kufundisha.

Kitabu cha 1770

Kunako mwaka wa 1770 alitoa kitabu kidogo juu ya namna ya kujifurahisha na karata. Ukisoma jina la kitabu, utafikiri ni mambo ya michezo ya jioni. Ndani yake mlikuwa kitu kingine: maana ya kila karata, moja kwa moja, ikiwa kichwa juu na ikiwa kichwa chini.

Alichukua zile karata 32 za piketi, akaongeza moja isiyokuwa na picha ya kawaida, kusudi isimame kwa niaba ya mtu aliyekuja kuuliza. Karata hiyo aliipa jina Etteilla. Na jina hilo ni nini? Ni Alliette, likisomwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Tangu siku hiyo, yeye mwenyewe akajulikana kwa jina hilo. Mtu aliyegeuza karata alianza kwa kujigeuza mwenyewe.

Faida ya kugeuza ilikuwa wazi kwa mtu wa biashara. Karata 32 zinatoa maana 32. Ukikubali kwamba kila moja ina maana mbili, unapata 64, na feza hujaongeza hata moja. Mazungumzo na mteja yanakuwa marefu zaidi, na majibu yanaweza kuelekea kwenye heri ao kwenye shari.

Tena kulikuwa sababu ya mkono na macho. Karata za siku hizi za kucheza, mfalme ana vichwa viwili, kimoja juu na kimoja chini, hata uigeuze namna gani yeye ni yule yule. Zamani zile haikuwa hivyo. Mfalme, malkia na kijana walichorwa mwili mzima, kutoka taji mpaka miguu. Karata ikianguka vibaya, mfalme anaonekana wazi, miguu hewani. Karata za vichwa viwili zilienea baadaye tu, katika karne ya 19. Kwa hiyo karata za watu ndizo zilizokuwa rahisi kusoma kichwa chini. Kwa karata zingine za hesabu, ambazo juu na chini zinafanana, ilibidi kutia alama kwa wino kusudi msomaji ajue kichwa kiko wapi.

Kitabu kilipata wanunuzi. Kunako 1773 kikatoka tena, na mara hii jina la kitabu lilisema wazi kwamba kinafundisha njia pekee ya kuvuta karata.

Hadithi ya Misri

Mwaka wa 1781 ulibadilisha kila kitu. Mtu mmoja mwenye elimu kubwa, Antoine Court de Gébelin, alitoa kitabu cha nane cha kazi yake ndefu juu ya dunia ya kwanza. Ndani yake aliandika kwamba aliona watu wanacheza taroti, na palepale akatambua kwamba hizo karata ni kitabu cha Wamisri wa zamani kilichofichwa katika mchezo. Katika kitabu hichohicho, mwandishi mwingine, Comte de Mellet, alizungumza juu ya kitabu cha Thoth, mungu wa Wamisri wa maandiko, na juu ya kutumia karata hizo kwa ramli.

Ushuhuda haukuwepo. Wakati ule hakukuwa mtu hata mmoja Ulaya aliyejua kusoma maandiko ya Misri ya zamani. Lakini Paris ilipenda Misri, na hadithi nzuri inakimbia kuliko ukweli.

Etteilla aliona mlango umefunguka. Kunako 1782 alitaka kutoa kitabu chake juu ya karata za Misri, lakini wakaguzi wa mfalme, waliokuwa na mamlaka ya kuruhusu ao kukataza kila kitabu, hawakumpa ruhusa. Hakukata tamaa. Kati ya 1783 na 1785 alitoa vitabu vidogo vinne juu ya namna ya kujifurahisha na karata za taroti. Ndani yake hadithi ya Misri ilikuwa imenenepa. Aliandika kwamba wenye hekima 17 walikaa pamoja, miaka 171 kisha Gharika, wakatunga kitabu cha Thoth, na kwamba kitabu hicho kiliandikwa juu ya vipande vya zahabu na kuwekwa katika hekalu karibu na Memphis. Akasema tena kwamba yeye alisikia siri ya taroti tangu 1757, kwa mtu mmoja wa Piemonte, Italia. Kwa hesabu hiyo, yeye angekuwa wa mbele kuliko Gébelin. Lakini kitabu chake cha 1770 hakikufundisha kusoma taroti, kilifundisha piketi.

Pamoja na hayo, hapana mtu anayeweza kusema alikuwa mvivu. Alichukua karata zote 78, akazipanga upya kwa namba kuanzia 1 mpaka 78, na akaandika maana ya kila moja mara mbili: kichwa juu, kichwa chini. Alijiita mwalimu wa aljebra, kwa sababu aliamini kwamba hesabu ndiyo ufunguo wa yote.

Malkia wa panga

Ni katika karata za watu ndiyo unaona vizuri kazi yake, na matatizo yake.

Tuchukue namba 51, malkia wa panga. Kichwa juu, Etteilla na shule yake waliandika juu yake: ujane. Yaani mwanamke aliyefiwa, mwenye huzuni, aliyepungukiwa, aliyebaki peke yake. Kichwa chini, wakaandika: mwanamke mbaya. Mwenye hila, mnafiki, mwenye kujifanya mtu wa dini kumbe moyoni ana uchungu.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Ujane ulikuwa na maana gani katika Ufaransa ya wakati ule? Mwanamke aliyeolewa alikuwa chini ya mamlaka ya bwana wake. Kusaini mapatano, kununua na kuuza mali, kwenda mbele ya hakimu, mara nyingi ilihitaji ruhusa ya bwana. Bwana akifa, mambo yanageuka. Mjane alisimama mwenyewe. Bibi ya fundi aliweza, katika vyama vingi vya kazi, kuendelea na duka la marehemu, kuongoza wafanyakazi, kudai deni. Malkia mwenye upanga mkononi ni picha inayomfaa: mwanamke aliyelia, na ambaye sasa anajisimamia.

Mwanamke wa namna hiyo watu wanamuhurumia, na watu haohao wanamuogopa. Familia inamuangalia kwa sababu ya mali. Majirani wanasema juu yake. Etteilla aliandika huruma upande mmoja wa karata na woga upande mwingine. Hakubuni fikra hizo. Zilikuwa tayari barabarani, sokoni na katika nyumba za urithi. Yeye alizipa namba, akazichapa. Kuanzia pale, woga wa majirani ukapata sura ya hekima ya Misri.

Jirani yake, namba 50, ni mfalme wa panga. Kichwa juu ni mtu wa sheria: hakimu, wakili, mtu anayevaa joho la mahakama. Kichwa chini ni mtu mwenye nia mbaya, mkatili, asiyekuwa na huruma. Ni sheria ileile. Iliyo kichwa juu inalinda, iliyo kichwa chini inaponda. Watu wa Paris waliojua mahakama za mfalme walielewa bila kufafanuliwa.

Namba 38 ni mpanda farasi wa vikombe. Kichwa juu ni kufika: mgeni, habari njema, mtu anakaribia. Kichwa chini ni ulaghai. Mgeni yule yule anayebisha hodi, labda amekuja na zawadi, labda amekuja kuiba.

Lakini tusifikiri kwamba kichwa chini ni ubaya kila mara. Watu wengi wanaosoma taroti kwa haraka wanaanguka hapo. Mfalme wa fimbo, kichwa juu, ni mtu wa shambani, mtu wa kijiji. Kichwa chini ni mtu mwema lakini mkali. Malkia wa fimbo, kichwa juu, ni mwanamke wa shambani. Kichwa chini, ni mwanamke mwema, mwenye kuchunga mali ya nyumba. Hapo kugeuka hakuharibu kitu, kunaonyesha upande mwingine wa mtu yuleyule. Kwa Etteilla, kichwa chini ilikuwa maana ya pili. Wakati fulani inapinga ile ya kwanza, wakati fulani inaiongezea.

Tena kulikuwa kanuni ya majirani. Karata haisomwi peke yake. Malkia wa panga akiwa karibu na karata za feza, msomaji atasema juu ya urithi. Akiwa karibu na mfalme wa panga, atasema juu ya kesi. Kwa hiyo mtu anayetandika karata ana nafasi kubwa ya kuchagua. Anaona karata, lakini anaona tena mteja: nguo zake, mikono yake, namna anavyouliza. Mfanya biashara mzuri anajua kusoma mteja mbele hajafungua kinywa.

Shule, chama na karata zake mwenyewe

Etteilla aliishi kwa kazi hiyo. Alikaa Paris, kwenye rue de l'Oseille, alipokea watu, alitoza feza, aliuza vitabu vyake nyumbani, alifundisha wanafunzi na kuandikiana barua na wengine wa miji ya mbali. Neno alilolitumia kwa elimu ya kusoma karata, cartonomancie, ni yeye aliyelitunga. Likapunguzwa kidogo na wafuasi, na Wafaransa wanalitumia mpaka leo kama cartomancie.

Kunako 1788 aliunda chama cha wale wanaofafanua kitabu cha Thoth. Kunako 1789 akatoa karata zake mwenyewe. Hizo zilikuwa karata za taroti za kwanza kutengenezwa kwa ajili ya ramli tu, siyo kwa mchezo. Alitumia akili ya muuza picha: kwenye kila karata aliweka neno moja juu na neno lingine chini, lililogeuzwa. Karata ikianguka kichwa juu, unasoma neno la juu. Ikianguka kichwa chini, neno la pili ndilo linakuja kusimama mbele ya macho yako. Hauhitaji kubeba kitabu wala kukumbuka maana 156. Mtu yeyote aliyejua kusoma kidogo aliweza kununua na kuanza kazi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo iliyofanya jina lake lisife.

Mwaka huohuo wa 1789 Ufaransa yenyewe iligeuka kichwa chini. Mwezi wa saba, watu wa Paris walishambulia gereza la Bastille. Mwezi wa kumi, wanawake wa soko walitembea kwa miguu mpaka Versailles kudai mkate, na mfalme Louis wa 16 na malkia Marie-Antoinette wakaletwa Paris kwa nguvu. Wakati huohuo Etteilla aliendelea kufundisha. Kunako 1790 alifungua shule mpya ya uchawi, na karata za wafalme na malkia ziliendelea kulala juu ya meza yake.

Hakuona mwisho. Alikufa Paris tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1791, akiwa na miaka 53. Mwezi wa kwanza 1793 mfalme alikatwa kichwa, na mwezi wa kumi mwaka huohuo malkia, aliyekuwa sasa mjane, alimfuata. Kisha hapo serikali ya mapinduzi haikutaka kuona taji hata kwenye karata za kucheza. Watengenezaji waliondoa wafalme wakaweka roho za hekima, waliondoa malkia wakaweka sura za uhuru, na vijana wa kazi wakabadilishwa kuwa sura za usawa. Watu walizicheza miaka michache. Kisha wafalme na malkia walirudi kwenye karata polepole, kwa sababu wachezaji walikuwa wamewazoea.

Kazi yake baada ya kifo

Wanafunzi wake waliendelea. Mmoja wa Lyon, Claude Hugand, alikuwa mfuasi wa karibu. D'Odoucet wa Paris alichukua maandiko ya mwalimu na kuyaendeleza. Katika karne iliyofuata Marie Anne Lenormand, aliyekufa 1843, alipata sifa kubwa Paris kama mama wa kuangalia bahati kwa karata, na biashara ambayo Etteilla aliipigania ikawa kazi inayojulikana na kila mtu wa mji.

Kunako 1822 Jean-François Champollion alifungua siri ya maandiko ya Misri. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliweza kusoma ukuta na papiro. Walikuta majina ya wafalme, sala za wafu, hesabu za ngano, kesi za mahakama. Kitabu cha karata 78 hawakukikuta. Hakuna hekalu la Memphis lililotoa vipande vya zahabu vya Etteilla. Ingefaa hadithi ikufe pale. Haikukufa. Watu waliopenda taroti waliacha kumtaja Etteilla, wengine wakamcheka, lakini wakashika Misri yake na, zaidi ya hapo, orodha yake.

Hilo linaonekana wazi Uingereza. Kunako 1888 Samuel Mathers alitoa kitabu kidogo cha taroti London. Kunako 1909 zikatoka karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ambazo leo ndizo zinajulikana kuliko zote duniani. Fungua maana walizoandika juu ya malkia wa panga: kichwa juu ni ujane, huzuni ya mwanamke, upungufu. Kichwa chini ni ubaya, hila, unafiki wa dini, udanganyifu. Waite hakumheshimu Etteilla, alimuandika kama mtu asiyekuwa na elimu. Hata hivyo maneno ya muuza mbegu yamo ndani ya kitabu chake.

Picha ya Smith iliongeza kitu. Malkia anakaa juu ya kiti cha enzi, ameangalia upande mmoja. Mkono wa kulia umeshika upanga, ncha juu. Mkono wa kushoto ameunyoosha, sawa vile anakaribisha mtu ao anamuamuru asimame. Nyuma kuna mawingu. Wasomaji wa karata wa leo wengi wameacha neno ujane. Wanasema kichwa juu ni mtu mwenye akili safi, anayesema ukweli bila kuogopa, aliyefundishwa na maumivu. Kichwa chini, upanga unaangalia ardhi, wanasema ni uchungu uliobaki moyoni, ulimi unaokata, chuki ambayo haijasamehewa. Wengine wanasema haimaanishi mwanamke tu, inaweza kuwa mwanaume ao tabia ya mteja mwenyewe. Na kuna wale wanaokataa kabisa kusoma kichwa chini, wanageuza karata zote zisimame sawa mbele ya kuanza.

Kwa hiyo maana imebadilika, na inaendelea kubadilika. Kitu kilichoshushwa kutoka mbinguni hakibadilishwi na kila mwalimu anayepita. Kitu kilichotungwa na watu, watu wanaweza kukitunga upya.

Kinachobaki

Etteilla hakuwa mtu wa kudharauliwa. Bila shule kubwa, alijenga kazi iliyopita maisha yake, na alifanya karata za zamani zizungumze na watu wa kawaida. Lakini alificha jambo moja ambalo mteja alikuwa na haki ya kulijua: nani aliyeandika. Alisema ni wenye hekima 17 wa kisha Gharika. Ilikuwa ni yeye, pamoja na desturi za wazee wa Paris na woga wa mji wake.

Kwa mtu anayecheza tu, hilo si kitu kikubwa. Lakini ramli haiishie mezani kila mara. Mtu anatoka pale amebeba neno: nyumbani mwako kuna mwanamke mbaya, mjane, mwenye hila. Anafika nyumbani, anatafuta nani anafanana na neno hilo. Na nyumba nyingi zina mama mmoja aliyefiwa, anayesema ukweli na hana mtu wa kumtetea. Karata imeanguka kichwa chini kwa sababu mkono uliichanganya hivyo. Yule mama hajafanya kitu.

Karata za Etteilla zingali zinachapwa Ufaransa mpaka leo. Namba 51 bado iko, na malkia wake, na upanga wake, na maneno mawili ambayo muuza mbegu alimuandikia, moja juu, moja chini.